Algoriti za mageuko katika kupanga matumizi ya ardhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wapangaji wa ardhi, wataalamu wa GIS (mifumo ya taarifa za kijiografia) na wanafunzi wanaoandaa mpango ambamo mavuno, misitu, maji na makazi vinagombea ardhi ileile. Maswali yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine. Kama ndiyo kwanza unaanza, soma swali la 1 hadi la 5 kwa mfuatano. Mfano wa mipango mitano ulio katika swali la 3 utaukuta tena huko mbele.

## Misingi

1. Tatizo lenyewe ni lipi?

Kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuwa shamba, malisho, msitu au makazi, ila si vyote kwa pamoja. Ukikilima, mapato yanapanda na udongo unaanza kuondoka. Ukikiachia msitu, maji yanatulia na mapato yanashuka. Vuta nikuvute hiyo ikiwa juu ya kipande kimoja, watu hukaa wakaamua. Ikiwa juu ya vipande elfu kumi vinavyoathiriana, kukaa peke yake hakutoshi.

Chukua ramani ndogo ya miraba 20 kwa 20 yenye aina 5 za matumizi. Ramani tofauti zinazoweza kuchorwa ni 5 kwa kipeo cha 400, yaani namba yenye tarakimu 280. Hakuna kompyuta itakayozipitia zote. Tena hatutafuti ramani moja iliyo bora kuliko zote, kwa sababu haipo: iliyo bora kwa mapato si iliyo bora kwa udongo. Tunachotafuta ni mkusanyiko wa ramani zinazoonyesha wazi kila lengo linaligharimu lengo jingine kiasi gani.

2. Algoriti ya mageuko inafanyaje kazi kwenye ramani?

Ni utaratibu wa hesabu wa kompyuta ulioiga uteuzi asilia. John Holland aliweka misingi ya algoriti za jeni katika kitabu chake cha mwaka 1975, na wazo halijabadilika sana. Kila mpango wa matumizi ya ardhi huandikwa kama mfuatano wa tarakimu, tarakimu moja kwa kila mraba: 1 msitu, 2 shamba, 3 malisho, na kuendelea. Mfuatano huo ndio "kromosomu" ya mpango.

Unaanza na kundi la mipango, tuseme 100. Kila mpango unapimwa kwa kila lengo. Iliyo mizuri inachaguliwa kuwa wazazi, wazazi wanabadilishana vipande vya ramani (upandanishaji), kisha watoto wanabadilishwa kidogo hapa na pale (mutesheni). Watoto 100 wanaunganishwa na wazazi 100, wote 200 wanapangwa kwa ubora, na 100 wa juu ndio wanaovuka kwenda kizazi kinachofuata. Kwa kuwa wazazi wanashindana na watoto wao, mpango mzuri ukishapatikana haupotei kwa bahati mbaya tu. Hurudiwa hivyo kwa mamia ya vizazi.

3. Mpango "kuushinda" mwingine maana yake nini? Na mpaka wa Pareto ni nini?

Mpango mmoja unaushinda mwingine ikiwa haujazidiwa kwenye lengo lolote na umeuzidi kwenye lengo moja angalau. Tazama mipango hii mitano, yenye malengo mawili: mapato (yawe makubwa) na mmomonyoko wa udongo kwa tani kwa hekta kwa mwaka (uwe mdogo).

- A: mapato 90, mmomonyoko 14
- B: mapato 75, mmomonyoko 9
- C: mapato 70, mmomonyoko 11
- D: mapato 50, mmomonyoko 5
- E: mapato 85, mmomonyoko 13

B unaushinda C: una mapato zaidi na unapoteza udongo kidogo zaidi. Hakuna sababu ya kuendelea kuujadili C, angalau kwa malengo haya mawili. Lakini kati ya A, E, B na D hakuna unaomshinda mwenzake, maana kila unapopata mapato zaidi unalipia kwa udongo. Hiyo minne ndiyo mpaka wa Pareto, uliopewa jina la mwanauchumi Mwitaliano Vilfredo Pareto. Kazi ya algoriti ni kuusogeza mpaka huo kadiri inavyowezekana na kuujaza mipango iliyotawanyika vizuri. Kuchagua mmoja kati ya hiyo ni kazi ya watu (swali la 18).

4. Kwa nini tusiyape malengo uzito, tukajumlisha, tukapata jibu moja?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza, unalazimika kusema mapato yana thamani gani mbele ya udongo kabla hujaona chaguo lenyewe. Watu wengi hawawezi kujibu swali hilo kwa uaminifu, na wanaolijibu haraka mara nyingi hubadili mawazo wakiona ramani.

Ya pili ni ya kihesabu, na husahaulika. Rudi kwenye mfano wa swali la 3. Tuseme alama ya mpango ni mapato mara uzito *w*, kutoa mmomonyoko. Ili E uupite A, ni lazima 85*w* − 13 izidi 90*w* − 14, yaani *w* iwe chini ya 0.2. Ili E uupite B, 85*w* − 13 izidi 75*w* − 9, yaani *w* iwe juu ya 0.4. Hakuna namba iliyo chini ya 0.2 na juu ya 0.4 kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hata ujaribu uzito elfu moja, E hautachaguliwa kamwe, ingawa hakuna mpango unaoushinda. Mpaka ukibonyea mahali fulani, mipango yote iliyo ndani ya bonde hilo hufichwa na njia ya uzito, na huenda huko ndiko kulikokuwa na suluhu ambayo wakulima na wahifadhi wangekubaliana.

5. Je, ni lazima iwe algoriti ya mageuko?

Hapana. Kama kila mraba unachangia lengo kivyake bila kujali jirani yake una nini, na masharti ni ya eneo tu ("msitu usipungue asilimia 30"), basi tatizo lako ni la mstari, na programu za uboreshaji wa namba kamili zitakupa jibu sahihi kabisa, lenye uthibitisho. Unaweka lengo moja kuwa sharti, unalikaza hatua kwa hatua, na mpaka unajitokeza. Katika hali hiyo kutumia mageuko ni kukubali makadirio pale ambapo jibu kamili lilikuwa linapatikana.

Algoriti ya mageuko inastahili pale ambapo miraba inaathiriana: ukubwa wa kiraka cha msitu, shoroba za wanyamapori, tope linaloshuka toka juu hadi mtoni na kukamatwa njiani na ukanda wa miti, au pale lengo linapokokotolewa na modeli ya nje ambayo huwezi kuiandika kama mlinganyo.

## Maandalizi

6. Data gani zinahitajika kabla ya kuanza?

Ramani ya matumizi ya sasa, mwinuko wa ardhi, udongo, mvua, mito na vyanzo vya maji, barabara, na mipaka ya kisheria kama hifadhi na milki. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zina mikanda ya mita 10 na za Landsat mita 30, zote zinapatikana bure. Juu ya ramani hizo unahitaji jedwali linalosema kila matumizi kwenye kila aina ya udongo na mteremko yanaleta nini: mavuno, mapato, kaboni, upotevu wa udongo.

Tabaka zote ziwe na makadirio ya ramani mamoja (njia ya kuuchora uso wa dunia kwenye ramani bapa), ukubwa wa mraba mmoja na pembe zinazolingana. Usifanye kazi kwenye digrii za latitudo na longitudo, kwa sababu mraba wa digrii hubadilika upana kadiri unavyoondoka kwenye ikweta na hesabu ya hekta itapinda. Tumia makadirio yanayopima kwa mita, kama UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda, ukitumia kanda yako.

Ongeza pia ukingo wa ardhi jirani nje ya eneo la mpango, usiobadilishwa na algoriti lakini unaohesabiwa. Bila ukingo huo, msitu unaoendelea upande wa pili wa mpaka utaonekana umekatika, na algoriti itaadhibu miraba ya pembezoni bila kosa.

7. Mraba uwe na ukubwa gani?

Eneo la kilomita 10 kwa 10 lina miraba 10,000 ukitumia mita 100, zaidi ya 111,000 ukitumia mita 30, na milioni 1 ukitumia mita 10. Anza na hekta moja kwa mraba, yaani mita 100. Uliza pia kama uamuzi unafanyika kwa ukubwa huo: hakuna mtu atakayepanga msitu wa mita 10 kwa 10 katikati ya shamba.

Mara nyingi ni bora kuachana na miraba na kutumia vipande vyenye maana ardhini: shamba zima, au eneo lenye udongo, mteremko na mmiliki mmoja. Vipande 300 vinatafutwa haraka sana kuliko miraba 10,000, na ramani inayotoka inatekelezeka.

8. Malengo mangapi, na yaandikwe vipi?

Mawili au matatu. Manne yanavumilika. Zaidi ya hapo soma swali la 22 kwanza. Kabla ya kuongeza lengo, pima mipango 200 ya nasibu na uangalie uhusiano wa lengo hilo na yaliyopo. Malengo mawili yanayokwenda pamoja karibu sawasawa (kaboni na eneo la msitu, kwa mfano) hayavutani, kwa hiyo moja linatosha.

Kila lengo liwe namba inayokokotolewa kutoka kwenye ramani peke yake. Kwa mmomonyoko wengi hutumia USLE, mlinganyo wa kukadiria upotevu wa udongo, unaozidisha nguvu ya mvua (R), wepesi wa udongo kumomonyoka (K), urefu na mwinuko wa mteremko (LS), kifuniko cha mimea (C) na hatua za kuhifadhi (P). Jua mipaka yake: unakwambia udongo unaong'oka pale ulipo, haukwambii unakwenda wapi. Kama tatizo lenu ni bwawa kujaa tope, unahitaji modeli inayofuata maji hadi mtoni.

Kwa mshikamano wa ramani, njia rahisi ni kuhesabu jozi za miraba inayogusana kwa ubavu na yenye matumizi sawa. Ramani ya 100 kwa 100 ina jozi 19,800 kwa jumla, kwa hiyo gawa kwa namba hiyo upate uwiano kati ya 0 na 1.

9. Kipi kiwe lengo na kipi kiwe sharti?

Kisichojadiliwa ni sharti: hifadhi iliyotangazwa, kingo za mto, mteremko ambao sheria inakataza kulimwa. Kinachoweza kuongezwa au kupunguzwa kwa mazungumzo ni lengo. Miraba isiyobadilika iondoe kabisa kwenye kromosomu badala ya kuiacha na kuiadhibu. Kama asilimia 40 ya eneo ni hifadhi, algoriti inabaki na asilimia 60 tu ya kutafuta, na kazi inapungua sana.

Jihadhari na masharti yanayoingizwa kwa mazoea. "Makazi yasizidi asilimia 8" huenda ilikuwa namba ya mpango uliopita tu. Ikiwa mpaka wote wa Pareto umejibana kwenye asilimia 8 kamili, mjulishe aliyeiweka, maana hiyo namba ndiyo inayoamua kila kitu.

## Kuiendesha

10. Nianze na algoriti ipi?

NSGA-II, algoriti ya mageuko ya malengo mengi iliyochapishwa mwaka 2002 na Kalyanmoy Deb na wenzake. Inatosha kwa malengo mawili au matatu na kila programu inayo. Inapanga mipango kwa matabaka: isiyoshindwa na yeyote ni tabaka la kwanza, inayobaki isiyoshindwa ukiondoa hiyo ni la pili, na kuendelea. Tabaka la mwisho lisipoenea lote, hubakizwa mipango iliyo mbali na majirani zake.

Umbali huo unaweza kuukokotoa kwa mkono. Kwenye mpaka wetu wa A, E, B na D, mapato yametawanyika kwa 40 (90 kutoa 50) na mmomonyoko kwa 9. Majirani wa E ni A na B: (90 − 75)/40 ni 0.375 na (14 − 9)/9 ni 0.556, jumla 0.93. Majirani wa B ni E na D: 35/40 ni 0.875 na 8/9 ni 0.889, jumla 1.76. Za pembeni, A na D, hupewa umbali usio na kikomo ili zisiondolewe. Nafasi zikiwa tatu, E ndiyo inayotoka, kwa kuwa imebanana na jirani zake.

Kwa lugha ya programu ya Python kuna maktaba za pymoo, DEAP na Platypus. Kwa Java kuna jMetal. CoMOLA ni zana ya Python iliyotengenezwa mahsusi kwa kugawa matumizi ya ardhi na inakuruhusu kuunganisha modeli zako mwenyewe. Angalia jambo moja dogo linaloharibu siku nzima: pymoo hupunguza kila lengo. Mapato lazima uyazidishe kwa −1, la sivyo utaletewa kwa bidii ramani za umaskini.

11. Kundi liwe kubwa kiasi gani, na vizazi vingapi? Itachukua muda gani?

Kwa malengo mawili, mipango 100 na vizazi 500 ni mwanzo mzuri. Kwa matatu, mipango 150 hadi 200. Muda wote unaliwa na kupima. Mipango 100 kwa vizazi 500 ni vipimo 50,000. Kipimo kimoja kikichukua sekunde 2, ni saa 28 hivi. Kikichukua sekunde 0.02, ni dakika 17. Kwa hiyo kabla ya kununua mashine kubwa, fanya haya: soma ramani mara moja tu na uziweke kwenye kumbukumbu, tumia safu za NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) badala ya kupita mraba kwa mraba, hifadhi matokeo ya mipango iliyokwisha kupimwa, kisha gawanya vipimo kwenye viini vyote vya kichakataji. Mipango ya kizazi kimoja haitegemeani, kwa hiyo viini 8 vinaweza kupunguza saa 28 hadi karibu na 3 na nusu.

12. Upandanishaji na mutesheni vifanyike vipi kwenye ramani?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kosa la kwanza ni kuacha mipangilio ya kawaida ya programu iliyotengenezewa namba za desimali. Ukipandanisha msitu (1) na makazi (5) kwa njia hiyo, mtoto anaweza kutoka 3, malisho, kana kwamba malisho ni wastani wa msitu na nyumba. Tarakimu hizo ni majina, si kiasi. Tumia upandanishaji unaonakili thamani ya mzazi mmoja au mwingine kama ilivyo.

Kosa la pili ni kuinyoosha ramani safu kwa safu kuwa mstari mmoja na kuikata sehemu moja. Watoto wote hurithi nusu ya juu kwa mzazi huyu na nusu ya chini kwa yule, na ramani zinapata mishono ya mlalo. Badala yake chagua mstatili wa nasibu, pana kwa mfano robo ya upande wa ramani, na ubadilishane yaliyomo. Au badilishana bonde zima la mto: mpangilio wa juu na wa chini wa bonde uliokwisha kufanya kazi pamoja hurithiwa pamoja.

Mutesheni ya kitabuni hubadili kila mraba kwa uwezekano wa 1 kwa idadi ya miraba, yaani mraba mmoja kwa wastani. Kwenye miraba 10,000 hiyo haisongi. Mutesheni mbili zinazosaidia: ya ukingo, ambapo mraba ulio mpakani mwa kiraka hupokea matumizi ya jirani yake, na ya kiraka, ambapo rundo la miraba 9 hadi 25 hubadilishwa lote. Zichanganye, kisha bakiza mutesheni ya mraba mmoja kwa uwezekano mdogo ili njia mpya zisifungwe.

13. Kundi la kwanza litoke wapi?

Tia ramani ya sasa, tia mipango iliyoboreshwa kwa lengo moja moja (ya mapato peke yake, ya udongo peke yake), na iliyobaki iwe ya nasibu inayotimiza masharti. Hiyo mipango ya ncha huupanua mpaka tangu mwanzo. Lakini mbegu hizi zisizidi asilimia 10 ya kundi, kwa sababu inayoelezwa katika swali la 16.

14. Nitajuaje kwamba imefika mwisho?

Usitazame mpango bora. Tazama eneo lililofunikwa na mpaka wote (ujazo, malengo yakiwa matatu), kipimo kinachoitwa haipavolumu. Chagua nukta moja mbaya kuliko mipango yote, uikaze isibadilike, na upime eneo kati yake na mpaka kila kizazi. Likiongezeka kwa chini ya asilimia 0.1 katika vizazi 50 mfululizo, simamisha. Sawazisha malengo yawe kati ya 0 na 1 kwanza, la sivyo lengo lenye namba kubwa litameza mengine.

## Mambo yanapokwenda mrama

15. Ramani zinatoka chengachenga, mraba wa msitu hapa, shamba pale. Kwa nini?

Kwa sababu hujaiambia algoriti kwamba mshikamano una thamani, au umeiambia lakini mutesheni yako inabomoa kuliko inavyojenga. Ongeza lengo la mshikamano (swali la 8) au sharti la ukubwa mdogo wa kiraka, na utumie mutesheni ya ukingo (swali la 12). Kulainisha ramani baada ya algoriti kumaliza ni njia mbaya: ramani iliyolainishwa si ile iliyopimwa, na huenda haipo tena kwenye mpaka.

16. Mipango yote imefanana baada ya vizazi 30.

Kundi limekomaa mapema. Sababu ya kawaida ni mbegu nyingi mno kwenye kundi la kwanza, au nakala zilezile kuruhusiwa kujaa. Ondoa nakala kila kizazi kwa kulinganisha kromosomu zenyewe. Kulinganisha alama tu hakutoshi, kwani ramani mbili tofauti zinaweza kuwa na alama sawa, na hizo ni za kuthaminiwa: zinawapa watu nafasi ya kuchagua bila kupoteza chochote kwenye malengo. Kisha ongeza mutesheni na ukubwa wa kundi.

17. Hakuna mpango hata mmoja unaotimiza masharti.

Kwanza hakikisha masharti yenyewe yanawezekana. Jumlisha viwango vya chini vyote: msitu 35, shamba 45, malisho 20, makazi 5. Jumla ni 105, na hakuna algoriti itakayokuokoa.

Yakiwezekana, tumia kanuni ya Deb: mpango unaotimiza masharti huupita usiotimiza; kati ya miwili isiyotimiza, unaokiuka kidogo zaidi ndio wa juu; kati ya miwili inayotimiza, hutumika kushindana kwa kawaida. Vizazi vya mwanzo vitatumika kukaribia masharti, kisha malengo yataanza kuvutana.

Njia nyingine ni kutengeneza kila mtoto: msitu ukipungua, miraba michache inageuzwa kuwa msitu hadi kiwango kitimie. Hakikisha miraba hiyo inachaguliwa kwa nasibu au kwa ufaafu wa ardhi. Kitanzi kinachoanzia kona ya juu kushoto kila mara huacha msitu wote kaskazini-magharibi, na wasomaji wa ramani watakaa kutafuta sababu ya kiikolojia ambayo haipo.

## Kuyatumia matokeo

18. Mpaka una mipango 100. Tunachaguaje mmoja?

Anza na bei ya kila hatua. Kutoka D kwenda B unapata mapato 25 kwa tani 4 za udongo, yaani 6.25 kwa tani. Kutoka B kwenda E unapata 10 kwa tani 4 zilezile, 2.5 tu kwa tani. Hapo kwenye B ndipo penye kiwiko: ukivuka, kila tani ya udongo inakuletea kidogo kuliko mwanzo. Kiwiko ni mahali pazuri pa kuanzia mjadala, lakini si amri. Bonde ambalo udongo wake umebaki sentimita chache juu ya mwamba lina haki ya kuchagua D.

Pili, punguza 100 iwe 5 hadi 7 kabla ya kikao: ncha zote, kiwiko, na michache ya kati iliyo tofauti kiramani. Chora kila mmoja kwenye karatasi kubwa, majina ya mito na njia yakiwa yameandikwa.

19. Kuna njia ya kujua maeneo ambayo hayana ubishi?

Ipo, na tunaiona kuwa tunda bora la kazi nzima. Kwa kila mraba, hesabu ni mipango mingapi ya mpaka imeupa msitu. Mraba uliopewa msitu katika mipango 97 kati ya 100 hauna haja ya kujadiliwa sana: uwe wako ni upande wa mapato au wa udongo, jibu ni lilelile. Mraba wenye 50 ndio wa kubishania. Ramani hii moja hufupisha kikao, kwa sababu watu hugundua kwamba wanagombania sehemu ndogo ya eneo.

20. Kila tukiendesha upya mpaka unabadilika kidogo. Ni kosa?

Si kosa, algoriti ina nasibu ndani yake. Endesha angalau mara 10 kwa namba tofauti za kuanzishia nasibu, hifadhi namba hizo ili mwingine aweze kurudia, kisha unganisha mipaka yote na ubakize isiyoshindwa. Tofauti kubwa kati ya mara moja na nyingine ni dalili kwamba vizazi havijatosha.

21. Bei au mvua zikibadilika, mpango unabaki kuwa mzuri?

Pima upya mipango ya mpaka chini ya hali kadhaa, kwa mfano bei ya zao kuu ikishuka kwa asilimia 30, au mvua ikipungua, bila kuendesha algoriti tena. Mipango mingine itaporomoka na mingine itatikisika tu. Ikiwa hofu hiyo ni kubwa, ifanye kuwa lengo: badala ya wastani wa mapato, ongeza mapato ya hali mbaya kuliko zote. Kumbuka vipimo vinazidishwa kwa idadi ya hali (swali la 11).

22. Tuna malengo manane. Tufanyeje?

Yapunguze kwanza. Chukua mipango miwili ya nasibu ambayo malengo yake hayahusiani. Uwezekano wa mmoja kumshinda mwenzake ni 1 kati ya 2 kwa malengo mawili, 1 kati ya 4 kwa matatu, na 1 kati ya 128 kwa manane. Maana yake karibu kundi zima ni "bora" tangu kizazi cha kwanza, na NSGA-II inakosa cha kuchagulia. Yakishindikana kupunguzwa, tumia NSGA-III ya Deb na Jain ya mwaka 2014 au MOEA/D ya Zhang na Li ya mwaka 2007, zinazoongozwa na pande zilizopangwa mapema. Lakini hata ukipata mpaka mzuri, hakuna kikao kitakachoweza kuusoma.

23. Jumla inaonekana nzuri, ila jamii moja imepoteza karibu malisho yake yote. Algoriti haikuliona hilo?

Haikuliona kwa sababu hakuna aliyeiambia. Jumla ya mapato ya eneo zima inaweza kupanda huku wafugaji wa upande mmoja wakibaki bila njia ya kufika kwenye maji, na kwenye namba hakuna kitakachopiga kelele.

Gawanya eneo kwa vijiji au makundi ya watumiaji, kokotoa badiliko la kila moja kulinganisha na leo, na uweke lengo la kupunguza hasara ya aliyepoteza zaidi. Usitumie wastani wa hasara, maana wastani ndio uliomficha. Kwa malisho hesabu pia kama yanafikika: hekta 500 zilizozungukwa na mashamba bila njia ya mifugo zihesabiwe sifuri. Jambo hili liingie kabla ya kuendesha mara ya kwanza, na watu wenyewe wawepo wakati makundi yanapogawanywa, kwa kuwa njia za msimu wa kiangazi mara nyingi hazipo kwenye ramani yoyote ya ofisini.